Je, Wajua? Karatasi Iliyochanwa Bado Inaweza Kusema

Siku moja nilinunua karanga kituo cha daladala. Nilipozimaliza, nikaikunjua karatasi niliyofungiwa. Ilikuwa fomu ya maabara: jina kamili la mama mmoja, umri wake, kipimo na majibu yake. Muuza karanga hakuwa na kosa, naye aliuziwa karatasi chakavu kama wenzake. Kosa ni la aliyeitoa ikiwa nzima. Niliichanachana papo hapo kwa vidole, na tangu hapo nyumbani kwangu ipo mashine ndogo ya kuchana karatasi, ile ambayo maofisini huitwa shreda. Haya ndiyo yaliyonishangaza kuihusu, na yanayofaa kujulikana na kila aliye nayo.

Je, wajua kwamba ina zaidi ya miaka mia moja?
Mmarekani Abbot Augustus Low, wa jimbo la New York, alipata hataza ya chombo cha kuharibu karatasi mwaka 1909. Alifariki mwaka 1912, kabla mashine yake haijaingia sokoni. Mwaka 1935 Mjerumani Adolf Ehinger aliunda ya kwake. Inasimuliwa kwamba alikuwa na maandishi ya kuwapinga Wanazi yaliyohitaji kupotezwa, na wazo akalipata jikoni, kwenye kimashine cha mkono cha kukatia tambi.

Je, wajua kwamba haitofautishi karatasi na kidole?
Ndani mna rola mbili zenye visu vya duara vinavyopishana, nazo huvuta chochote kinachoingia. Nyingi zina kihisio: karatasi ikigusa mdomo tu, visu vinaanza vyenyewe. Mtoto asipoiachia karatasi, mkono wake unaifuata, na vidole vyake vyembamba hupenya pale ambapo cha mtu mzima hakipenyi. Ncha ya mtandio, tai, mkufu na nywele ndefu navyo vimo hatarini. Basi achia karatasi mara tu visu vinapoishika. Ukimaliza, kuzima swichi ya mashine hakutoshi: chomoa plagi ukutani, uiweke mtoto asipofika.

Je, wajua kwamba wafumaji waliwahi kuunganisha karatasi zilizochanwa?
Ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipovamiwa Novemba 1979, baadhi ya nyaraka zilikuwa zimeshapitishwa kwenye mashine. Lakini zilikuwa zimekatwa vipande virefu kama utepe. Wairani waliwatumia wafumaji wa mazulia, watu waliozoea kupanga nyuzi moja moja, wakazirudisha hadi zikasomeka na kuchapishwa vitabuni.

Kwa hiyo ukinunua mashine, tafuta inayokata kwa urefu na kwa upana. Kwenye boksi tazama alama ya P. Ya P-2 hutoa utepe wa hadi milimita 6, hivyo A4 moja huwa nyuzi 35 hivi tu. Ya P-4 hutoa vipande visivyozidi milimita za mraba 160, na A4 hiyohiyo huwa vipande 390 au zaidi. Kama yako ni ya utepe, ingiza karatasi ili visu vikate mistari ya maandishi. Risiti ikiingia kiubavu, mstari mzima wenye jina lako unaweza kutoka salama.

Je, wajua kwamba mashine huchoka?
Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, maofisa wa usalama wa Ujerumani Mashariki walikimbilia kuharibu mafaili. Mashine zikazidiwa, wakaendelea kuchana kwa mikono. Ikabaki mifuko takribani 16,000 ya vipande, na kazi ya kuviunganisha ilianza mwaka 1995.

Za nyumbani ni dhaifu zaidi. Nyingi hufanya kazi dakika chache tu, kisha huhitaji nusu saa au zaidi ya kupoa. Muda kamili umo kwenye kijitabu chake. Ikijizima yenyewe, haijafa. Inajilinda na joto. Usizidishe idadi ya karatasi kwa mkupuo, wala usiache pipa lijae mpaka vipande virudi juu kwenye visu.

Je, wajua kwamba kukwama kuliwahi kuleta faida?
Oktoba 2018, mchoro wa msanii Banksy ulijichana wenyewe mnadani London mara baada ya kuuzwa, kwa mashine iliyofichwa kwenye fremu. Mashine ikaishia katikati. Mwaka 2021 mchoro huo uliochanwa nusu uliuzwa zaidi ya pauni milioni 18.

Yako ikikwama, faida hiyo haipo. Bonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Ikigoma, chomoa plagi kwanza, ndipo uvute karatasi taratibu. Kisu au bisibisi visiingie mdomoni. Stika na karatasi zilizopigwa lamini usiziingize, maana gundi na plastiki hunata kwenye visu.

Je, wajua kwamba kopo la kupuliza laweza kuiwasha moto?
Makopo mengi ya kupulizia vumbi au mafuta yana gesi inayoshika moto, na cheche moja ya mota inatosha kuilipua. Tumia mafuta ya maji yaliyotengenezwa kwa mashine hizi. Yachirizishe kwa kupindapinda juu ya karatasi moja, uipitishe, kisha rudisha visu nyuma kwa sekunde chache.

Je, wajua kwamba vipande bado ni mali?
Vya karatasi ya kawaida vinafaa kutandikia kuku na kukinga vyombo visivunjike wakati wa kuhama. Risiti za kung'aa zitenge, kwa kuwa nyingi zina kemikali. Na asiye na mashine asikate tamaa: chana vipande vidogo, loweka usiku kucha, asubuhi vifikiche mpaka viwe kama uji. Yule mama wa fomu ya maabara angehitaji ndoo moja ya maji tu, na mtu wa kumjali.