Utangulizi: Kusoma Umbo la Nyambizi

Anayeanza somo hili, akionyeshwa picha ya nyambizi, huuliza kwanza habari za silaha. Naomba aziweke kando kidogo atazame umbo, kwa sababu umbo ndilo linaloonyesha chombo kilitarajia kukaa wapi: juu ya maji au chini yake.

Tuanze na Aina ya VII, nyambizi ya Kijerumani iliyotumika sana katika Vita vya Pili vya Dunia. Omo yake ni kali, imechongwa ipasue mawimbi. Sitaha ni bapa, na mzinga uko juu yake. Ni meli iliyopewa uwezo wa kujificha. Juu ya maji dizeli iliisukuma kilomita 32 hivi kwa saa. Ikizama ilibaki na betri, na kasi ikashuka hadi 14. Hata hiyo 14 ilimaliza umeme upesi, basi nahodha alijikokota taratibu akingoja usiku apande kuchaji. Kuzama kwenyewe ilikuwa kazi ya wote. Kengele ikilia, mafundi walizima dizeli na kuziba njia za hewa, matangi yakafunguliwa maji yaingie, na mabaharia wasio na zamu wakakimbilia omo ili uzito wao uinamishe chombo. Nusu dakika hivi, kimetoweka.

Nyambizi za kizazi hicho zilifika hata kwetu. Februari 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Kilindini na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki ilizamishwa na I-27 ya Wajapani. Waliokufa walizidi elfu moja. Manowari mbili za Uingereza ziliisaka I-27 na kuizamisha siku hiyo hiyo. Ikishazama, nyambizi ya namna hiyo haikuwa na mbio za kuzikimbia.

Mpango wa injini juu na betri chini ulikuwa wa John Philip Holland, mzaliwa wa Ireland, ambaye chombo chake kilinunuliwa na Jeshi la Majini la Marekani mwaka 1900. Ajabu ni kwamba Holland alikipa mwili wa mviringo, wenye rafadha moja nyuma. Waliomfuata waliliacha umbo hilo wakitafuta kasi ya juu ya maji, na kwa maoni yangu walipoteza miaka arobaini.

Rada na ndege ndizo zilizowarudisha. Aina ya XXI ya Wajerumani, iliyochelewa mno kubadili vita, ilijazwa betri na kulainishwa mwili, ikawa na mbio zaidi chini kuliko juu. Mwaka 1953 Wamarekani wakaingiza majini Albacore, nene mbele na nyembamba nyuma. Mwaka 1955 Nautilus ikasafiri kwa nguvu za nyuklia, bila haja ya kupanda kutafuta hewa. Skipjack ya 1959 iliunganisha mambo hayo mawili.

Hapo ndipo uendeshaji ulipobadilika, na hapa namwomba msomaji akae na kalamu. Nyambizi inayokwenda mita 10 kwa sekunde, ikiinama nyuzi 30, inashuka mita 5 kila sekunde. Mapezi ya nyuma yakikwama katika hali hiyo, mita 200 zinakwisha kwa sekunde 40. Chombo cha zamani, kwa uzembe wake, kilimpa nahodha muda wa kufikiri, hiki hakimpi. Ndiyo maana wengine wakageukia mkia wenye umbo la X, uliojaribiwa kwenye Albacore: pezi moja likikwama, mengine yanaweza kulifidia. Ndiyo maana pia Virginia, iliyoanza kazi mwaka 2004, huendeshwa na rubani na msaidizi wake mbele ya kompyuta, wakifanya kazi iliyokuwa ya watu wanne au zaidi.

Hesabu za uzito na wimbi la sauti zitakuja baadaye. Tutaanza na betri, maana nusu ya maamuzi ya wabunifu wa zamani hayaeleweki bila kujua umeme wao ulidumu saa ngapi.