Gari la umeme: daraja la chini halina kobalti, la juu linayo

Kati ya 2022 na 2024, mteja aliyeingia kwenye duka la magari huko Bruxelles, Liège ao Paris kwa kutafuta gari la umeme la MG4 alipewa karatasi yenye majina kama Standard, Comfort na Luxury. Kwa macho ni gari moja. Milango ni mitano, umbo ni lile lile, na aliyelipa kidogo anaweza kusimama kwenye taa nyekundu pembeni ya aliyelipa sana bila mpita njia kutambua kitu. Muuzaji huanza kwa kuonyesha viti, kamera na rangi. Lakini tofauti kubwa iko chini ya sakafu, mahali mteja haangalii, na tofauti hiyo inafika mpaka Kolwezi.

MG ni jina la zamani la Uingereza ambalo leo liko mikononi mwa kampuni ya Kichina SAIC. MG4 iliingia sokoni Ulaya mwisho wa mwaka 2022. Standard ilikuja na batri ya kilowati saa 51, na kipimo rasmi cha Ulaya kinasema inatembea kilomita 350 kabla ya kuchajiwa tena. Comfort ina batri ya 64 na kilomita 450. Luxury ina batri ile ile ya 64, lakini kilomita zake ni 435.

Hapo wengi wanashangaa: aliyelipa zaidi anatembea kidogo zaidi? Ndiyo. Luxury inabeba vyombo vingi zaidi: viti vinavyopashwa joto, kamera za kuzunguka gari, na vingine vya kufurahisha macho. Vyombo vina uzito, tena vinakula umeme. Kati ya Comfort na Luxury, mteja anauza kilomita 15 ili apate starehe. Starehe si dhambi, lakini kiti cha kupasha joto ni kitu ambacho mtu wa Kalemie angelipa ili kiondolewe. Liko pia daraja la XPower, lenye nguvu ya farasi 435, linalofikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3,8. Lina batri hiyo hiyo ya 64 na linaishia kilomita 385. Ni gari la kijana anayependa kupita wengine.

Kati ya Standard na Comfort mambo ni mengine kabisa. Si kwamba batri moja ni ndogo na nyingine ni kubwa tu. Batri ya Standard imetengenezwa kwa litiamu, chuma na fosfati, aina ambayo wataalamu wanaita LFP. Ndani yake hakuna nikeli, hakuna kobalti hata gramu moja. Batri ya Comfort na ya Luxury ni ya nikeli, manganezi na kobalti, ile inayoitwa NMC. Yaani katika duka moja, kwa jina moja la gari, mteja anachagua kati ya madini mawili tofauti, na mara nyingi hakuna anayemwambia.

MG hawako peke yao. Kampuni ya Marekani Tesla ilitangaza mwezi wa kumi 2021 kwamba magari yake yote ya daraja la chini, popote duniani, yatapewa batri za LFP. Miezi michache baadaye, kwa robo ya kwanza ya mwaka 2022, ilisema kwamba karibu nusu ya magari iliyotengeneza hayakuwa na nikeli wala kobalti. Ford ilifanya hivyo mwaka 2023 kwa Mustang Mach-E ya daraja la kwanza. Sababu ni bei: chuma na fosfati ni vitu rahisi kupata, na batri yake inagharimu kidogo.

Je, ya bei ndogo ndiyo mbaya? Hapana, na hapa ndipo wauzaji wengi wanawapoteza wateja. Batri ya LFP inavumilia kuchajiwa na kutumiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Ni ngumu zaidi kushika moto ikiumia ao ikipata joto kupita kiasi. Tena inakubali kujazwa mpaka asilimia 100 kila mara bila kuharibika haraka. Tesla yenyewe inawaomba wenye batri hizo wazijaze kabisa angalau mara moja kwa wiki, ili kompyuta ya gari isikosee hesabu ya umeme uliobaki. Mwenye batri ya nikeli na kobalti anashauriwa kinyume: kwa matumizi ya kila siku asipite asilimia 80 ao 90, ajaze yote siku ya safari ndefu tu.

Ukifanya hesabu kwa njia hiyo, pengo kati ya Standard na Comfort linapungua. Asilimia 80 ya kilomita 450 ni 360. Asilimia 100 ya 350 ni 350. Kwa mtu anayetoka nyumbani kwenda kazini na kurudi, magari hayo mawili yanalingana kwa kilomita 10 tu, ingawa bei zake hazilingani.

Comfort inajitetea kwenye safari ndefu na kwenye baridi. Katika barabara kuu za Ulaya, kwa mwendo wa 130 kwa saa, gari la namna hii linaweza kula kilowati saa 20 kwa kila kilomita 100. Kwa hiyo Standard inapata kadiri ya kilomita 250, si 350, na Comfort inapita 300 kidogo. Wakati wa theluji, LFP inapokea umeme polepole sana kama batri haijapata joto. Anayeishi Liège na kila mwezi anaenda kuona ndugu zake Lyon ana sababu ya kulipa zaidi. Anayezunguka Bruxelles tu anaweza kubaki na makuta yake mfukoni.

Kwa Congo, uchaguzi huo wa mteja wa mbali si hadithi ya watu wengine. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka katika ardhi ya nchi hii, sehemu kubwa katika jimbo la Lualaba na lile la Haut-Katanga. Kila mara mtu anapochukua Standard badala ya Comfort, kobalti ya gari hilo haihitajiki tena.

Ni kiasi gani? Batri ya nikeli na kobalti yenye kadiri ya kilowati saa 60 ina kilo tano ao sita za kobalti kama mchanganyiko wake ni wa kisasa wenye nikeli nyingi, na zaidi ya kilo kumi kama ni wa zamani. Tuchukue sita. Mwanzoni mwa mwaka 2025 bei ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 22 kwa kilo, wakati mwaka 2022 ilipita dola 80. Kilo sita kwa dola 22 ni dola 132. Tangu mwisho wa mwaka 2018 kobalti inahesabiwa kuwa madini ya kimkakati, na kampuni inalipa serikali mrabaha wa asilimia 10. Kwa gari moja, hesabu ya haraka inatoa kadiri ya dola 13. Kufuatana na sheria ya madini, nusu inaenda Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, komini, sekta ao usultani ambamo mgodi unapatikana, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Komini inabaki na dola mbili hivi. Kwa gari moja ni bei ya soda chache. Kwa magari milioni moja ni dola milioni mbili, na hapo ni shule na madaraja ya mito.

Na magari hayo ni mengi. Shirika la kimataifa la nishati linasema kwamba mwaka 2024 batri za LFP zilichukua karibu nusu ya soko la batri za magari ya umeme duniani. Nchini China zilikaribia robo tatu.

Serikali ya Kinshasa iliamua kushika bei kwa mkono wake. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, kwanza kwa miezi minne, halafu ikaongeza mitatu. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi, mamlaka ya ARECOMS inagawa viwango: tani 18 125 kwa muda uliobaki wa mwaka 2025, na tani 96 600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Hiyo ni chini ya nusu ya kobalti iliyochimbwa nchini mwaka 2024. Bei ilipanda, ikapita dola 40 kwa kilo kabla ya mwaka kuisha.

Lakini upanga huo una makali pande mbili. Kobalti ikipanda bei, Comfort inakuwa ghali zaidi kutengeneza, na mtengenezaji anapata sababu nyingine ya kuweka LFP hata kwenye madaraja ya juu. Viwango vya Kinshasa vinaweza kumpa mchimbaji wa Kolwezi bei nzuri mwaka huu na kumpunguzia wateja miaka inayofuata. Kwa sasa serikali imechagua bei, na baada ya miaka mitatu ya kuona kobalti ikiuzwa kama viazi vya mwisho wa soko, ni vigumu kuilaumu.

Tena si kila kitu kinapotea. Gari la umeme, liwe la chuma ao la kobalti, linakula shaba mara tatu hivi ya gari la petroli, na shaba ya Lualaba inatoka katika mawe yale yale. Batri za aina zote mbili zinataka litiamu pia, na litiamu nyingi imelala Manono, katika jimbo la Tanganyika, ambako mabishano ya kisheria juu ya nani ana haki ya kuchimba yamekula miaka. Daraja la chini linaloikimbia Kolwezi bado linaitaka Manono.

Swali lingine linaloulizwa katika miji ya mashariki ni hili: siku magari hayo yatakapoanza kuja yakiwa yametumika, kama Toyota na Mercedes zilivyokuja, ni daraja gani la kununua? Barabara ya Lubumbashi mpaka Kolwezi kupitia Likasi inatoa jibu zuri. Ni karibu kilomita 300. Kwa mwendo wa pole wa 90 kwa saa, Standard inakula kadiri ya kilowati saa 16 kwa kilomita 100, na inaweza kufika ikiwa na kilomita chache tu zilizobaki, kama hakukuwa na mvua, mzigo wala kuzunguka. Comfort inafika na bado ina kilomita 80 hivi. Kutoka Beni mpaka Butembo, ao Bukavu mpaka Uvira, Standard inatosha kwa kwenda, na mara nyingi kwa kurudi pia.

Shida kubwa ni pa kuchajia. Kwa waya wa kawaida wa nyumba, volti 220 na ampea 10, batri tupu ya Standard inataka saa 23 ili ijae, ile ya Comfort saa 28. Ni nyumba gani inayopata umeme saa 28 mfululizo? Upande huo batri ndogo inashinda, kwa sababu inajaa kabla delestaji haijaanza tena. Joto letu haliisumbui, na baridi inayoizuia huko Ulaya haipo hapa. MG4 inaweza hata kurudisha umeme nje kwa waya maalum: friji, taa na televizyo zikila kilowati saa 4 kwa siku, batri ya Standard iliyojaa ingezilisha zaidi ya siku kumi bila kelele ya grupu.

Mashimo ya barabara ni adui wa madaraja yote, maana batri imelala chini kabisa ya gari na jiwe halisomi jina lililoandikwa nyuma. Gari lililotumika lipandishwe juu kwanza, sakafu iangaliwe kama imegongwa, kabla ya kuzungumza bei.

Na kama muuzaji hajui kusema batri ni ya aina gani, kwa MG4 zilizouzwa Ulaya kati ya 2022 na 2024 namba ya kilowati saa kwenye karatasi inatosha. Ikiwa 51, ni chuma na fosfati. Ikiwa 64 ao 77, ni nikeli na kobalti.