Mganga Hajigangi: Mgongo wa Anayetibu Migongo

Wahenga waliponena kwamba mganga hajigangi, huenda walimfikiria mtu kama yule niliyempokea majuzi hapa Busia. Aliingia amejishika kiuno, akaketi polepole. Nilipomwuliza kazi yake, alicheka kwa haya. Yeye ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Migongo ya watu ndiyo riziki yake.

Usimcheke. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 nchini Nigeria ulionyesha kwamba zaidi ya wataalamu 9 kati ya kila 10 waliohojiwa waliumwa misuli au viungo kwa sababu ya kazi katika muda wa miezi 12. Kiuno ndicho kilichoongoza. Wengi huanza kuumwa katika miaka 5 ya kwanza kazini, wangali vijana.

Sababu ni nini? Hapa mpakani, kutoka Busia hadi Malaba, ndiko neno bodaboda lilikozaliwa enzi za baiskeli. Leo pikipiki zimetawala, na ajali zake huvunja miguu na nyonga. Ongeza wazee waliopooza kwa kiharusi. Wote hao lazima wainuliwe, wageuzwe na kufundishwa kutembea upya.

Chukua ndoo ya maji. Ukiishika karibu na tumbo, utaibeba. Ukiinyooshea mikono mbele, itakushinda. Ndivyo mgongo unavyoumia mtu anapoinama kitandani kumvuta mgonjwa wa kilo 80. Misuli ya kiuno hulazimika kuvuta kwa nguvu inayozidi uzito ule mara nyingi. Akijipinda huku amembeba, gegedu laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa upande mmoja. Moja ikichomoza na kugusa mshipa wa fahamu, maumivu hushuka hadi mguuni. Vidole gumba navyo huchoka kwa kukandamiza misuli ya watu kutwa nzima.

Nilimwuliza mbona hakuomba msaada. Akajibu kwamba foleni ilikuwa ndefu na wenzake wachache. Tena, daktari, mtibu mgongo akilalamikia mgongo, nani atamwamini? Kwa aibu hiyo alimeza dawa za maumivu kwa miezi kadhaa bila kumwambia mtu.

Msomaji, pengine nawe unamuuguza mzazi aliyepooza nyumbani. Hatari ni ile ile, kwa hivyo zingatia haya:

1. Usimwinue mtu mzima peke yako. Mwite wa pili, mhesabu pamoja.

2. Sogeza kiti karibu na kitanda na ufunge breki za magurudumu.

3. Simama karibu naye, panua miguu, kunja magoti. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, si kiuno.

4. Usimvute kwa mkono uliopooza wala kwa makwapa. Bega lake litateguka. Naye asikuning'inie shingoni.

5. Kitandani, mtelezeshe kwa shuka badala ya kumbeba.

Ukiumwa kiuno, usilale siku nzima. Tembea kidogo kidogo. Lakini ukiona mguu unalegea, ganzi sehemu za siri, au unashindwa kukojoa au kuzuia haja, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukichelewa unaweza kupata ulemavu wa kudumu.

Kwa waajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka wawalinde wafanyakazi, na maumivu ya mgongo yatokanayo na kazi si uvivu. Kwa wafanyakazi, toeni ripoti mapema, kabla maumivu hayajakomaa.

Mgonjwa wangu amerejea kazini, ila siku hizi hamwinui mtu bila mwenzake. Mganga hajigangi, ni kweli, lakini anaweza kujikinga.