Salamandra wa Massachusetts: juu ya nini kulinda dimbwi peke yake haitoshi

Jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mwezi wa tatu ao wa nne. Theluji inayeyuka, na usiku mmoja mvua ya kwanza isiyo baridi sana inanyesha. Usiku ule ule wanyama weusi wenye madoa ya manjano, urefu wa sentimita 15 hadi 25, wanatoka chini ya udongo wa msitu na kuanza kutembea. Wanaenda kuzaa kwenye dimbwi. Lakini siku hizi, katikati ya msitu na dimbwi kunapita barabara.

Mnyama huyo ni salamandra wa madoa. Kwetu hayuko: Afrika kusini mwa Sahara hakuna salamandra hata mmoja. Ukimuona utasema ni mjusi, kumbe yeye ni ndugu ya chura. Ngozi yake haina magamba, inataka unyevunyevu, na mtoto wake anaanza maisha ndani ya maji akipumua kwa matamvua kama samaki.

Dimbwi lenyewe si kitu kikubwa. Linajaa maji ya theluji na mvua, kiisha linakauka wakati wa joto. Mtu akipita mwezi wa nane anaona majani makavu tu, anasema: hapa panafaa kujenga. Lakini kule kukauka njo kunalinda watoto, maana samaki hawezi kuishi humo, na samaki ni adui mkubwa wa mayai ya salamandra. Jike moja anaweza kutaga mayai zaidi ya mia, yakiwa yameshikana katika ute kama ule wa mayai ya chura. Mara nyingi ute huo unageuka kijani, sababu mwani unaota humo na kuyapa mayai oksijeni. Mwaka ukiwa mkavu, dimbwi linakauka mapema na watoto wote wanakufa. Bado si mwisho: wakubwa wanaweza kuishi hata miaka 20, watarudi mwaka ujao kujaribu tena.

Hapo njo shida inapoanza. Salamandra mkubwa anakaa ndani ya dimbwi siku chache ao majuma machache tu. Muda mwingine wote wa mwaka yuko msituni, ndani ya mashimo ya panya na chini ya magogo yaliyooza. Mtu akizungusha uzio kwenye dimbwi na kukata msitu wa kando, ni kama amelinda maternite na kubomoa nyumba za wazazi. Hata kwetu Kivu ao Ituri, kuna vyura wengi wanaoishi hivyo: maji kwa kuzaa, nchi kavu kwa maisha.

Mwaka 1998, mtaalamu Raymond Semlitsch wa Chuo Kikuu cha Missouri alikusanya vipimo vya umbali ambao salamandra wa namna hii wanatembea kutoka dimbwini. Hesabu yake: ili kufikia makao ya asilimia 95 ya salamandra wa dimbwi moja, inaomba kulinda mita 164 pande zote. Sheria ya Massachusetts, yenyewe, inahesabu futi 100 kuzunguka dimbwi, yaani mita 30 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na kila mwenye kiwanja anajua maana yake kwa mfuko.

Kuhusu barabara, James Gibbs na Gregory Shriver walifanya hesabu mwaka 2005 juu ya salamandra wa madoa wa jimbo hilo. Magari yakiua zaidi ya asilimia 10 ya wakubwa kila mwaka, kundi linaweza kumalizika kabisa pale. Mtoto aliyekufa anaweza kupata badala yake mwaka mwingine. Mzazi wa miaka mingi ni vigumu.

Katika mji wa Amherst, wakaaji walikuwa wakitoka usiku wa mvua kubeba salamandra kwa mikono kuwavusha barabara ya Henry Street. Mwaka 1987 vilijengwa vipito viwili chini ya barabara hiyo, vyenye matundu juu ili mvua iingie ndani, na uzio mfupi wa kuwaongoza wanyama hadi mlangoni. Wengi wanaofika mlangoni wanapita. Ila kipito hakirudishi msitu uliokatwa.

Tena dimbwi moja halitoshi. Salamandra wengi wanarudi kuzaa palepale walipozaliwa, lakini wachache wanahamia dimbwi jirani, na hao wachache njo wanaojaza tena dimbwi lililobaki tupu. Nyumba na barabara zikifunga njia kati ya madimbwi, kila kundi linabaki peke yake.

Mwaka 2002 Aram Calhoun na Michael Klemens waliandikia wajenzi na viongozi wa miji mwongozo: futi 100 za kwanza ziachwe bila kuguswa, na kutoka hapo hadi futi 750, karibu mita 230, angalau robo tatu ya msitu ibaki. Humo kuna pia jambo dogo ambalo fundi wa barabara anaweza kufanya bila gharama kubwa: ukingo wa barabara usisimame wima kama ukuta, bali uinamishwe. Salamandra akikutana na ukingo wima anashindwa kupanda, anaufuata pembeni, na mwishowe anaanguka ndani ya shimo la maji ya mvua.