Makumbi, Makonyo na Mchanga: Kweli na Uongo Kuhusu Matandiko ya Nyoka

Mfugaji wa nyoka wa London au Chicago akihitaji matandiko huenda dukani akanunua tofali kavu la unga wa makumbi ya nazi, akalilowesha ndooni mpaka likafumuka, akalitandaza kizimbani. Tofali hilo mara nyingi limetoka Sri Lanka au India. Pujini, mashariki mwa Pemba, makumbi hayohayo yamo chini ya kila mnazi, na mengi huishia kuwashia moto jikoni. Kisiwa kina karibu kila kitu cha kumtandikia nyoka vizuri, na pia kina vitu vya kumdhuru. Kuvitenganisha kunahitaji kuyapima madai yafuatayo.

“Nyoka yeyote wa shambani anaweza kuwekwa kizimbani.” Si kweli, na hili lije kabla ya matandiko. Wanyamapori wanalindwa na sheria, Bara na Zanzibar, na chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe. Pemba ina nyoka wake mdogo asiye na hatari kwa binadamu, Lycophidion pembanum, asiyepatikana pengine popote duniani. Huyo aachwe kwenye majani yake. Ninayoyasema hapa yanamhusu mwenye kibali, na mwenye nyoka aliyezaliwa kizimbani.

“Makumbi ni taka, hayafai kulaliwa na mnyama.” Si kweli. Katika pwani za Unguja na Pemba, akina mama hufukia makumbi kwenye tope la bahari kwa miezi kadhaa, huyafukua, huyaponda kwa magongo, kisha husokota kamba. Wanachokitafuta ni nyuzi ndefu. Ule unga wa kahawia unaodondoka huachwa. Mfugaji anataka kinyume chake. Nyuzi ndefu zinaweza kumnasa nyoka mdogo, lakini unga hunywa maji mengi na kuyaachia polepole, hauna harufu kali, wala hauoti ukungu upesi kama maranda ya mbao. Kasoro yake ni chumvi. Makumbi yaliyofukiwa pwani yaoshwe kwa maji ya mvua au ya bomba mara kadhaa, maji yakimwagwa kila mara, kisha yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa. Kazi hiyo haina njia ya mkato.

“Makonyo ya karafuu hufukuza wadudu, kwa hiyo ni matandiko bora.” Si kweli, na kwa Pemba hili ndilo dai la hatari kuliko yote, kwa sababu makonyo yapo tele na yananukia vizuri. Kinachonukia ni mafuta, yaleyale yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha Wawi, Chake Chake, na sehemu yake kubwa ni eujenoli. Nyoka huusoma ulimwengu kwa ulimi: huokota chembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa. Akilala, pua yake iko juu ya tandiko lenyewe. Kwetu sisi harufu ya karafuu hupita na upepo wa mlangoni. Yeye amefungiwa nayo usiku na mchana. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya nyoka wa kahawia aliyevamia kisiwa cha Guam. Waliponyunyiza eujenoli, mafuta ya mdalasini au ya mwerezi, nyoka walihangaika na kukimbia. Yalikuwa matone yaliyorushwa hewani, si makonyo makavu, kwa hiyo asitokee mtu akadhani kuanika makonyo uani kunamlinda na nyoka. Lakini kumlaza mnyama juu ya kitu ambacho angekikimbia kama angekuwa na pa kukimbilia ni ukatili, hata kama mwenyewe hakukusudia.

Kwa sababu hiyohiyo wafugaji wa Marekani wanaonyana kuhusu maranda ya mwerezi mwekundu. Mti huo ni wa jenasi moja na mtarakwa wa nyanda za juu za Kenya, kwa hiyo maranda ya mtarakwa kutoka kwa seremala nayo yakataliwe.

“Mchanga ni mbaya kwa kila nyoka.” Si kweli kwa kila nyoka. Eryx colubrinus, nyoka mfupi mnene anayeishi sehemu kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, hujifukia mchangani akabakiza macho na pua tu; kumnyima mchanga au udongo mlaini ni kumnyima maficho. Ila mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vikali vya makombe na matumbawe. Huo usitumike kwa yeyote.

“Gazeti kuukuu linatosha.” Kweli, hasa kwa nyoka mgeni au mgonjwa: kinyesi huonekana mara moja, na utitiri pia. Halimpi pa kujifukia wala halitunzi unyevu, kwa hiyo awekewe sanduku la kujificha.

“Kadiri tandiko lilivyo na majimaji ndivyo nyoka anavyojivua gamba vizuri.” Nusu kweli. Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayefugwa sana duniani, akikaa pakavu mno gamba humng’oka vipandevipande, na lile la jicho hubaki limeganda. Lakini tandiko lililolowa juu huozesha magamba ya tumbo. Hewa iwe na unyevu, sehemu anayolalia iwe kavu. Kwenye unga wa makumbi jambo hilo ni rahisi: mimina maji kidogo pembeni yashuke chini, usinyunyize juu. Kisha chota konzi moja ukamue. Ukishikamana bila kudondosha tone, unafaa. Ukidondosha, uanike tena kabla ya kumrudisha nyoka.