Doha: Kwa nini hesabu za kompyuta hupishana?

Takwimu za vifo vya wafanyakazi wa kigeni nchini Qatar zimezua ubishi kwa miaka mingi. Februari 2021 gazeti la Uingereza la The Guardian liliripoti kwamba zaidi ya wafanyakazi 6,500 kutoka India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka walifariki dunia nchini humo tangu Qatar ipewe uenyeji wa Kombe la Dunia mwaka 2010. Waandalizi walitaja vifo 40 vya watu waliokuwa wakijenga viwanja, na kusema ni vitatu tu vilivyotokana na kazi. Mwishoni mwa 2022 ikatajwa idadi nyingine, 414, yaani vifo vya kazini katika sekta zote kati ya 2014 na 2020.

Idadi hizo tatu hazijibu swali moja. Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kuuliza zaidi: hesabu ile ya 6,500 haikuwajumuisha Wakenya, ingawa maelfu yao hufanya kazi Doha kama walinzi, madereva na vibarua.

Tatizo hilo hilo huwakuta watafiti wanaofanya rigresheni, hesabu inayopima jinsi jambo moja linavyobadilika pamoja na jingine, mfano joto na vifo. Wawili hupewa faili moja, mmoja akatumia Stata na mwenzake SPSS, kisha majibu yakapishana. Lawama huangukia programu, ilhali mara nyingi chanzo kimo katika data na amri walizoandika.

La kwanza ni nafasi zilizoachwa wazi. Mfanyakazi ambaye umri wake haukuandikwa huondolewa kimya kimya katika hesabu. Ukiongeza swali moja lenye majibu pungufu, watu 1,000 wanaweza kubaki 700, na jibu likabadilika. Tena, Stata huihesabu nafasi tupu kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Ukiagiza "wenye umri zaidi ya miaka 60", wasio na umri nao huingia.

La pili ni alama kama 99, iliyowekwa kumaanisha "hajui". Usipoiambia kompyuta, itadhani mtu huyo ana miaka 99.

La tatu ni kundi la kulinganishia. Stata kwa kawaida huanza na kundi la kwanza, lakini baadhi ya amri za SPSS huchukua la mwisho. Kwa hiyo alama ya kujumlisha hugeuka ya kutoa, ingawa matokeo ni yale yale.

Kosa la namna hii lina uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Cardiology ulichunguza vifo vya Wanepali nchini Qatar kati ya 2009 na 2017. Ulihusisha joto kali na vifo vya maradhi ya moyo, na kukadiria kuwa hadi 200 kati ya vifo 571 vya aina hiyo vingeweza kuepukwa. Mwaka 2021 Qatar ilirefusha marufuku ya kufanya kazi juani: saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Lakini cheti cha kifo kinapoandikwa "sababu za kawaida" tu, hakuna programu itakayojua kama marehemu aliuawa na joto.

Dawa ya ubishi ni uwazi, kama ilivyoonekana Busia, Kenya. Utafiti wa dawa za minyoo ulioanza huko mwaka 1998 katika shule 75 ulichambuliwa upya na wengine mwaka 2015, baada ya watafiti wa awali kutoa data na amri zao. Ilibainika kuwa amri moja ilihesabu shule 12 tu za karibu badala ya zote zilizotakiwa. Matokeo kuhusu shule za mbali yalidhoofika. Wataalamu waliendelea kubishana, lakini walau walijua wanabishania nini.

Hivyo majibu yakipishana, tuanze kwa kuuliza: kila hesabu imetumia watu wangapi, nani ameachwa, na amri ziko wapi? Ndugu zetu walioko Doha wanastahili kuwemo katika hesabu hiyo.