Waliopimwa Nyumbani Hawakufika Zahanati

Mganga wa zahanati ya Mbagala au Tandale anapolifungua daftari la wagonjwa wa nje mwishoni mwa mwezi, huona malaria, vikohozi, kuharisha, majeraha ya bodaboda, na hapa na pale shinikizo la damu. Akitaka kujua ukubwa wa shinikizo la damu katika kata yake, daftari hilo litampotosha, kwa kuwa limeandika waliokuja tu. Ugonjwa huu, ambao mitaani huitwa presha, huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma, na asiyeumwa haendi zahanati. Mama lishe anayeamka alfajiri kuwasha jiko aweza kuwa na presha ya 180/110 asikose hata siku moja ya kazi, mpaka siku atakapoanguka.

Kwa sababu hiyo watafiti wa magonjwa yasiyoambukiza huliacha daftari na kubisha hodi majumbani.

Dar es Salaam iliujua uzito wa jambo hili kupitia misiba. Mwaka 1992, jiji likiwa bado na wilaya tatu tu za Ilala, Kinondoni na Temeke, Wizara ya Afya kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza ilianzisha mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima, uliojulikana kwa kifupi kama AMMP. Mradi ulifanya kazi katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam, katika wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Wahesabuji walipita kaya kwa kaya. Palipotokea kifo, mhudumu aliyefunzwa aliwaendea wafiwa na kuwauliza kwa upole marehemu aliugua vipi: je, upande mmoja wa mwili ulipooza ghafla? Je, aliacha kusema? Madaktari walizisoma simulizi hizo na kukadiria chanzo cha kifo.

Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000. Kwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 64 katika mitaa ya Dar es Salaam, kiharusi kiliua kila mwaka wanaume 65 na wanawake 88 katika kila watu 100,000. Uingereza na Wales, kwa umri uleule, viwango vilikuwa chini ya 11 kwa wanaume na chini ya 9 kwa wanawake. Nchi iliyodhaniwa kuwa na maradhi ya kuambukiza pekee ilikuwa inapoteza wazazi walio katika umri wa kazi kwa ugonjwa ambao chanzo chake kikuu kinapimika kwa mkanda wa mkononi na dakika chache za kutulia.

Watafiti hao walikwenda pia kupima waliokuwa hai. Katika miaka ya 1990 walilinganisha eneo la Ilala jijini na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro. Kisukari kilifuata dhana iliyozoeleka: wanaume asilimia 5.9 mjini dhidi ya 1.7 kijijini, na wanawake 5.7 dhidi ya 1.1. Presha haikuifuata. Takriban watu wazima watatu kati ya kumi walikuwa nayo, mjini na kijijini vilevile, na wale wanaoendelea kuiita presha maradhi ya matajiri wa mjini wangefaa kulitazama jedwali hilo. Lililotisha zaidi ni hesabu iliyofuata. Katika kila watu 100 wenye presha ya juu, chini kidogo ya 20 walijua kwamba wanayo. Wapatao 10 walikuwa wakitumia dawa. Ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakutimia hata mmoja.

Utafiti mwingine uliwafuatilia wakazi wa Morogoro Vijijini waliohamia Dar es Salaam. Ndani ya mwaka mmoja tu, wanaume kwa wanawake walikuwa wameongezeka uzito kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili, na kazi nzito za mwili, ambazo kijijini zilikuwa sehemu ya kila siku ya wanaume wengi, zilikuwa zimepungua sana. Mbagala, Chamazi, Bunju na vitongoji vingine vya pembezoni vimejaa watu wenye safari kama hiyo katika maisha yao.

Basi kama kupima nyumbani kunafichua kilichofichika, je, kufichua kunatosha? Swali hili lilijibiwa jijini humuhumu, na jibu lake linastahili kujulikana na kila mwenye kipimo cha presha mkononi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipima watu wazima 9,254 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 katika mitaa kadhaa ya Dar es Salaam. Kati yao walichagua 653 waliokutwa na presha iliyopanda sana, wakawarudia mara nne zaidi ndani ya siku 45. Kadiri ziara zilivyoongezeka, ndivyo idadi ya waliobaki na presha ya juu ilivyopungua. Hofu ya kukutana na mgeni mwenye mashine, kikombe cha kahawa au kupanda mlima wa Keko kwa haraka huweza kupandisha namba kwa muda. Hili ni onyo kwa yeyote anayesoma takwimu za kitaifa: kipimo cha siku moja hukuza idadi ya wagonjwa, na kwa mtu mmoja mmoja hakitoshi kuwa hukumu, isipokuwa namba iwe ya juu kupita kiasi au awe na dalili za hatari.

Wakabaki watu 161 ambao presha yao iliendelea kuwa juu na ambao hawakuwa kwenye matibabu. Hao walielezwa hali yao na kushauriwa waende kituo cha afya watakachopenda. Hawakupewa nauli wala dawa, wala hawakupangiwa miadi. Baada ya miezi 12 watafiti walirudi. Takriban mtu mmoja kati ya watatu alikuwa amefika kwa mtoa huduma walau mara moja. Waliokuwa bado wanameza dawa walikuwa asilimia 3, yaani watu wapatao watano. Elimu na mali hazikutofautisha sana walioenda na wasioenda. Sababu zilizotajwa zaidi zilikuwa mbili: sijisikii kuumwa, na gharama ya matibabu.

Mtu anayeambiwa akiwa mzima kwamba ni mgonjwa, kisha akaachwa ajitafutie njia, hapaswi kulaumiwa kwa ukaidi. Alipewa habari, hakupewa huduma.

Ukubwa wa tatizo kitaifa ulipatikana mwaka 2012, katika utafiti wa viashiria hatarishi uliofanywa na Wizara ya Afya na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kwa kutumia utaratibu wa hatua tatu wa Shirika la Afya Duniani: dodoso, vipimo vya mwili, kisha damu. Zanzibar ilikuwa imefanya wake mwaka uliotangulia. Kwa Tanzania Bara, takriban asilimia 26 ya watu wa miaka 25 hadi 64 walikutwa na presha ya juu, na asilimia 9.1 na kisukari.

Namba hizo husomwa vibaya mara nyingi. Kwanza, ni za nchi. Mganga wa Temeke hawezi kuchukua asilimia 26 na kuipachika kwenye kata yake, kwa sababu sampuli ilipangwa ili kuiwakilisha nchi nzima. Na Temeke si ndogo: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 1,346,674, karibu sawa na Dar es Salaam nzima ya mwaka 1988. Pili, mdodosaji anapofika mtaani saa nne asubuhi akiongozana na mjumbe, baba wa nyumba ameshakwenda Kariakoo. Wanawake huhojiwa kwa wingi zaidi, na takwimu hulazimika kusawazishwa ili sauti chache za wanaume zipate uzito wao. Asiyejua hili, akajumlisha tu majibu ghafi, hupata picha ya watu waliokuwa nyumbani mchana.

Kuna kitu hata hivyo ambacho zahanati yaweza kuazima kutoka dodoso hilo bila kusubiri bajeti ya mtafiti. Dodoso huuliza: je, umewahi kupimwa presha? Je, umewahi kuambiwa na mhudumu wa afya kwamba iko juu? Je, katika wiki mbili zilizopita umetumia dawa ya presha uliyoandikiwa? Maswali hayo, pamoja na kipimo chenyewe, yanaweza kuulizwa kwa kila mtu mzima anayeingia mlangoni, hata aliyemsindikiza mtoto kwenye chanjo. Apewe nafasi ya kukaa na kutulia, apimwe zaidi ya mara moja, na namba ikiwa juu apangiwe siku ya kurudi, na nambari ya simu yake iandikwe kabla hajaondoka. Naye mgonjwa aliyeanza dawa ajue kwamba kujisikia vizuri baada ya mwezi ni matokeo ya vidonge. Akitaka kuviacha, azungumze kwanza na aliyemwandikia, na kama kikwazo ni bei, aseme hivyo waziwazi, kwani mara nyingi ipo dawa nyingine inayofaa.

Zahanati yenye wagonjwa 80 wa presha katika daftari lake yaweza kuhesabu kwa mchana mmoja ni wangapi walirudi ndani ya miezi mitatu, na kati yao ni wangapi walikuwa chini ya 140/90 siku hiyo. Wale ambao hawakurudi wana majina na, kama yaliandikwa, majina ya mitaa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaifahamu mitaa hiyo, na aweza kuanza na watano wa kwanza wiki hii.